Banda la uani au kizimba cha ndani: simbilisi walale wapi Dar es Salaam wakati wa masika na kipupwe?

Wafugaji wa simbilisi (guinea pig kwa Kiingereza) wa Dar es Salaam tukikutana, mazungumzo yetu huwa ya joto, na ni sawa yawe hivyo, kwa kuwa mnyama huyu hatoki jasho na joto likifika nyuzi 28 huanza kumlemea. Lakini katika miaka yangu sita ya kufuga, wagonjwa wangu wote wa kifua wameugua kati ya Aprili na Agosti, na mmoja wao, jike mwenye manyoya ya hudhurungi tuliyemwita Tangawizi, alikufa katikati ya masika ndani ya banda ambalo nililijenga kwa mikono yangu mwenyewe nikiamini kwamba halina kasoro. Tangu hapo nimewafuga nje, nimewafuga ndani, na msimu mmoja niliwagawa, wawili uani na wawili sebuleni, ili niione tofauti kwa macho yangu. Ulinganisho huu ni wa njia hizo mbili, na nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye simbilisi wawili au watatu wa kufurahia pamoja na watoto nyumbani, si kwa mfugaji wa kitoweo mwenye mabanda makubwa.

Kuhusu jina, watu wengi mjini humwita mnyama huyu pimbi, ilhali pimbi ni mnyama mwingine kabisa, wa majabalini na misituni. Simbilisi ndilo jina linalomfaa, na wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini wamelizoea. Asili yake ni milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, na hapo ndipo hoja potofu inapoanzia, kwamba mnyama wa milimani hawezi kusumbuliwa na Julai ya Mbagala. Wanaosema hivyo husahau kwamba huko Andes kwenyewe familia nyingi humfuga ndani ya jiko, karibu na moto na watu, na kwamba hana desturi ya kujichimbia shimo lake wala kulala usingizi wa msimu mzima kama wafanyavyo wanyama wengine wa nchi za baridi. Mwili wake wa kilo moja hivi hupoteza joto upesi, na kinga alizo nazo ni tatu tu: manyoya makavu, mwenzake wa kujibanza naye, na tumbo lililojaa nyasi.

Hali inayomfaa ni kati ya nyuzi 18 na 23 za sentigredi, na ikishuka chini ya nyuzi 15 inapasa awe ndani ya nyumba. Usiku wa Julai hapa Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi, na kidogo zaidi kwenye miinuko ya Pugu na Kisarawe. Ukisoma kipimajoto peke yake utasema hakuna la kuogopa. Hatari hutokea pale nyuzi hizo 19 zinapokutana na manyoya yaliyolowa, upepo wa kusi unaopita chini kwa chini, na mnyama aliyeshinda mchana kutwa katika nyuzi 29. Unyevu na mabadiliko ya ghafla ndivyo vinavyofungulia njia vimelea vya nimonia, hasa Bordetella na Streptococcus, ambavyo simbilisi anaweza kukaa navyo puani muda mrefu bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapochagua mahali pa kuwalaza ni hili: wapi watabaki wakavu, bila upepo wa sakafuni, na bila kuvuta hewa chafu? Kila njia kati ya hizi mbili hujibu sehemu ya swali hilo vizuri na sehemu nyingine vibaya.

Nje na ndani

Nianze na mvua, kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza. Banda langu la kwanza lilikuwa na bati jipya, miguu ya mbao iliyoliinua sentimita 60 kutoka ardhini, na wavu wa kuku pande tatu. Paa halikuvuja hata tone. Nisilolijua ni kwamba mvua ya masika mara nyingi haishuki wima, bali husukumwa na upepo ikaingia kwa ubavuni, na matone yanayopiga ardhi hurudi juu yakiwa vumbi la maji. Asubuhi niliyomkuta Tangawizi amejikunyata pembeni, maranda ya juu yalikuwa makavu kabisa. Nilipoingiza vidole chini yake, kama sentimita tatu tu, nilikuta tope la baridi lenye harufu ya mkojo inayochoma macho, na ubao wa sakafu umegeuka mweusi katika pembe aliyozoea kulala. Manyoya ya tumbo lake yalikuwa yameshikana vishungi vishungi, na ngozi iliyoonekana katikati yake ilikuwa nyekundu. Alikuwa amelala juu ya maji kwa siku kadhaa, na mimi kila asubuhi nilikuwa nikitazama maranda ya juu nikiridhika.

Banda la nje linalofaa kwa masika na kipupwe ni lile lenye ukuta mzima wa mbao au plaiwudi pande tatu na wavu upande mmoja tu. Paa lake litokeze mbele kwa angalau sentimita 40, ndani yake kuwe na chumba cha kulala kilichozibwa chenye mlango mdogo, na upande wa wavu uwe na pazia la turubai la kuteremsha usiku na wakati wa mvua. Pazia hilo lisizibe mpaka juu. Liachie nafasi ya kiganja chini ya paa ili hewa yenye unyevu na harufu ya mkojo ipate pa kutokea. Sakafu iwe ya mbao na isiwe ya wavu, kwa sababu wavu hupitisha upepo chini ya tumbo la mnyama na humtia vidonda vya nyayo ambavyo kupona kwake ni kwa shida.

Kuna jambo jingine ambalo fundi hatakuuliza usipomwambia mwenyewe, nalo ni banda lielekee wapi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, hivyo mgongo wa banda uelekee huko na uso wake uangalie kaskazini. Faida yake si ya upepo peke yake. Kwa kuwa Dar es Salaam iko kusini ya ikweta, kwenye latitudo ya karibu nyuzi 7, jua la saa sita mchana la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini wa anga na kuingia bandani wakati simbilisi wanapolihitaji. Ikifika Desemba na Januari jua huwa limehamia kusini, na uso wa banda hubaki kivulini wakati wa joto kali. Ni banda lilelile na mbao zilezile, ila limegeuzwa. Nililigeuza la kwangu kwa kusaidiana na jirani kwa muda usiofika nusu saa, na ninasikitika kwamba sikulifanya hilo miaka miwili kabla.

Kizimba cha ndani hakina shida ya mvua wala ya upepo mkali, na joto la chumba halipandi na kushuka kama la uani. Kwa mtu anayeogopa baridi tu, ulinganisho ungeishia hapo. Tatizo la ndani ni hewa. Kipupwe kikianza tunafunga madirisha usiku, na chumba kinachofungwa na simbilisi watatu ndani yake hukusanya mvuke na amonia ya mkojo, ambayo huchubua njia ya hewa na kuyaacha mapafu bila ulinzi. Juu ya hayo, nyumba zetu za pwani zina moshi na dawa ambazo sisi tumezizoea kiasi cha kutozihesabu: dawa ya mbu ya kuchoma inayowashwa magharibi, udi na ubani, jiko la mkaa linaloletwa mlangoni wakati wa mvua, na dawa ya mende inayopuliziwa pembeni mwa kuta, pale pale pua ya simbilisi inapofika. Ukiamua kuwaweka ndani, inakubidi uamue pia kwamba katika chumba hicho hakichomwi kitu wala hakipuliziwi kitu. Nyumba isiyoweza kulitimiza hilo, kwa maoni yangu, ni afadhali iwe na banda zuri la nje.

Mahali ndani ya chumba pachaguliwe kwa uangalifu. Sakafu ya vigae hunyonya joto la mwili usiku kucha, kwa hiyo kizimba kikae juu ya meza fupi au juu ya mbao, na kama hakuna meza, basi maboksi mawili yaliyokunjuliwa na mkeka juu yake. Kisikae mkabala na mlango, wala kati ya dirisha na dirisha, wala chini ya kiyoyozi au feni. Njia yangu ya kupima upepo ni rahisi: ninawatoa simbilisi kwanza na kuwapeleka chumba kingine, kisha ninawasha kijiti kimoja cha udi na kukishika usawa wa sakafu ya kizimba. Moshi ukipanda wima, mahali hapo panafaa. Ukilala na kukimbia upande mmoja, hiyo ni njia ya upepo, hata kama wewe uliyesimama husikii chochote usoni. Baadaye ninafungua madirisha mpaka harufu iishe ndipo ninawarudisha. Dirisha la chumba chao huachwa wazi kidogo upande wa juu usiku wote, hata Julai.

Kuhusu maadui, nje kuna hasara kubwa zaidi na haihitaji maelezo marefu. Mbwa hurarua wavu wa kuku kwa meno, hivyo tumia wavu mzito uliochomelewa. Nguchiro, nyoka na panya hupita penye tundu dogo sana, na kunguru, ambao jiji hili wamelijaa, huwasumbua watoto wachanga mchana. Siafu ndio wa kuogopwa zaidi wakati wa mvua, kwa kuwa maji huwatoa mashimoni. Kila mguu wa banda usimamishwe ndani ya kopo lenye maji na sabuni, na kopo likaguliwe kila jioni. Ndani kuna paka wa nyumbani na nyaya za umeme, na vyote viwili ukivikumbuka unavidhibiti. Sungura, hata akiwa mpole namna gani, asiwekwe pamoja na simbilisi nje wala ndani, kwa sababu anaweza kubeba vimelea vya Bordetella bila yeye mwenyewe kuugua.

Wakati wa kuwahudumia nao huhesabika. Wale wa sebuleni niliwaona mara ishirini kwa siku bila kukusudia, nikipita kwenda jikoni au kutafuta funguo, na mmoja alipoanza kupumua kwa kuinua mbavu niligundua jioni ileile. Wale wa uani niliwaona asubuhi na jioni, na siku za mvua kubwa, nakiri, niliwaona kwa haraka chini ya mwavuli. Mnyama huyu huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, na saa kumi na mbili za kuchelewa ni nyingi mno kwake. Hili ndilo lililonielemeza upande wa ndani kuliko jambo jingine lolote.

Kama nyumba yako ina baraza lenye ukuta wa nusu, basi umepata mahali panapounganisha mema ya pande zote mbili. Hewa inapita juu ya ukuta, chini kumetulia, mvua haifiki ukisogeza kizimba nyuma, na unawaona kila unapotoka na kuingia. Kinachobaki ni pazia la turubai la usiku na wavu mzuri wa kuzuia paka.

Matandiko, ambayo kwangu ni nusu ya kazi yote

Mtu anaweza kuchagua mahali pazuri kabisa akaharibu kila kitu kwa matandiko, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Dar es Salaam tuna vitu vitatu vinavyopatikana kwa urahisi: maranda ya mafundi seremala, nyasi kavu, na blanketi za mtumba.

Maranda hunyonya mkojo vizuri, na ukienda kwenye karakana za Keko utaondoka na gunia zima. Uliza kwanza ni ya mti gani. Maranda ya msonobari ambayo bado yana harufu kali ya utomvu yana kemikali zinazochubua mapafu. Yaanikwe juani mpaka harufu ipotee, na yasipopoteza harufu yaachwe. Ya mvule na mpingo siyachukui kabisa, kwa kuwa hata mafundi wenyewe vumbi lake huwawasha pua na ngozi. Halafu tofautisha maranda, ambayo ni vipande vyembamba vilivyojikunja kutoka kwenye randa, na vumbi laini la msumeno, ambalo huingia puani na machoni na halifai kwa simbilisi hata kidogo. Tabaka liwe la sentimita tano hadi nane, na chini yake magazeti. Kasoro ya maranda ni ile iliyoniponza: juu hukauka upesi na kuficha kilichopo chini. Tangu mwaka ule sitazami maranda kwa macho. Ninaingiza mkono mpaka sakafuni, kila siku, katika pembe zote.

Nyasi kavu hazinyonyi mkojo, lakini hakuna kinachotunza joto kama hizo, kwa sababu mnyama huingia katikati yake na kujitengenezea kiota, na hewa iliyonaswa kati ya mabua humzunguka kama shuka. Isitoshe, huzila. Ukoka uliokatwa mahali pasipopuliziwa dawa na kukaushwa kivulini unatosha. Marobota ya nyasi za malisho ni bora zaidi ukiyapata. Adui wa nyasi katika hewa ya pwani ni ukungu. Robota lililowekwa sakafuni wakati wa masika huanza kuota ukungu kutoka chini, kwa hiyo liinuliwe juu ya mbao, na kila fungu linusiwe kabla ya kuwapa. Nyasi nzuri zinanukia kama shamba baada ya jua. Zenye harufu ya stoo iliyofungwa, au zinazotoa vumbi la kijivu ukizipiga, zitupwe zote, si kuchaguliwa.

Blanketi laini za polista, zile za mtumba zinazouzwa Karume, zina tabia nzuri ambayo taulo za pamba hazina: haziubakishi mkojo juu, bali huupitisha chini, hivyo ukitandika shuka kuukuu nene chini yake, simbilisi hukaa juu ya kitambaa kikavu. Lazima zifuliwe mara mbili tatu kabla ya kutumika, ndipo zianze kupitisha maji, na zifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato. Ubaya wake ni wa msimu huohuo unaokuhusu. Aprili hakuna kinachokauka kwenye kamba. Anayetegemea blanketi awe na seti tatu au nne, na asitandike iliyo na ubaridi wa maji kwa kujipa moyo kwamba itakaukia humo humo. Nyuzi zilizochomoka pembeni zikatwe, kwa kuwa hujizungusha kwenye miguu.

Nje, basi, ninapendelea magazeti, kisha maranda, kisha nyasi nyingi ndani ya chumba cha kulala mpaka mlango wake uonekane nusu. Ndani ninapendelea blanketi kwenye eneo la kutembea na boksi lililojaa nyasi pembeni, kwa sababu hupunguza vumbi sebuleni. Kwa njia yoyote ile, nafasi ya simbilisi wawili isipungue sentimita 120 kwa 60. Mahali padogo huloa upesi, na mnyama asiyetembea hupoa.

Kuhusu vifaa vya kuwapa joto, kwa Dar es Salaam jibu langu ni fupi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba chao kwa hali yoyote, kwa kuwa hutoa kaboni monoksidi, ambayo huua wanyama na watu bila kutoa harufu. Taa ya joto haihitajiki katika nyuzi 18, inaweza kuwasha nyasi, na umeme ukikatika usiku huwaacha katika mabadiliko ya ghafla ambayo ndiyo tunayoyakimbia. Chupa ya maji ya moto iliyovikwa soksi mbili nene inafaa kwa mgonjwa au kwa watoto wachanga, ikiwekwa upande mmoja ili anayeona joto limezidi apate pa kuhamia. Kwa wazima, joto bora ni la mwenzao. Uswisi ilipitisha kanuni mwaka 2008 kwamba simbilisi wasifugwe mmojammoja kwa sababu ni wanyama wa kuishi pamoja, na anayewaona wawili wamelala ubavu kwa ubavu usiku wa Julai hatahitaji kuelezwa faida nyingine.

Chakula na dawa

Katika kipupwe waongezewe nyasi, kwa kuwa uchachukaji wa nyuzinyuzi tumboni ndio unaowapa sehemu ya joto lao. Majani yaliyokatwa kwenye mvua yasirundikwe; hupata moto na kuchacha ndani ya saa chache. Yatandazwe yapepee kwanza. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hautengenezi vitamini C, na akiikosa kwa wiki mbili au tatu hupata kiseyeye na kinga yake huanguka wakati vimelea vya kifua vinamngojea. Mahitaji yake ni kati ya miligramu 10 na 30 kwa siku. Hapa pwani hatuna kisingizio, kwa kuwa gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, yaani mara kadhaa ya chungwa. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa siku kinatosha, kwa sababu ya sukari yake, na siku nyingine apewe kipande cha pilipili hoho. Vitamini ya kutia kwenye maji ya kunywa siipendekezi. Huharibika upesi kwa mwanga na hubadilisha ladha, na simbilisi anayesusa maji ana matatizo mawili badala ya moja.

Dalili za kukufanya usimame ni manyoya yaliyosimama, macho yenye utando au matongo, pua inayotoka kamasi, sauti ya kukwaruza anapopumua, na kukaa amejikunyata pembeni wakati wenzake wanapiga kelele za kudai chakula. Asipokula kwa nusu siku, hiyo ni dharura, kwa kuwa utumbo wake haupaswi kusimama. Na hapa ninasisitiza kwa nguvu zangu zote: asipewe amoksisilini, ampisilini wala penisilini ya kumeza. Dawa hizo, ambazo sisi tunazimeza kwa mazoea tukikohoa, huua vijidudu vyema vya tumbo lake na kuacha vile vya sumu vitawale, na anaweza kufa kwa dawa kabla ya nimonia kumfikia. Duka moja la dawa liliniuzia vidonge hivyo bila kuuliza ni vya nani wala vya mnyama gani. Nilikuwa nimeshaponda kimoja ndani ya kijiko nilipompigia simu daktari wa mifugo kuuliza kipimo, naye akaniambia nikitupe. Mpeleke kwa daktari, na mwambie kwamba ni simbilisi hata kama anamwona.

Yupi achague nini

Mpangaji wa ghorofani, Upanga au Magomeni, asiye na ua, hana la kuchagua isipokuwa ndani, na anaweza kufanya vizuri kabisa mradi chumba kiwe hakina moshi na dirisha liwe na nafasi juu. Mwenye nyumba ya Goba au Kigamboni yenye ua mpana anaweza kujenga banda nililolieleza, akilielekeza kaskazini, lakini ningemshauri awe na kizimba cha akiba ndani kwa wiki za mvua kubwa, kwa kuwa banda zuri kabisa huzidiwa na mvua ya siku tatu mfululizo. Anayekaa bondeni, karibu na Mto Msimbazi au mahali popote maji yanapotuama, asijenge nje. Ardhi iliyolowa hupandisha unyevu bandani hata siku ambayo mvua haijanyesha. Wenye watoto wachanga wa simbilisi, wajawazito, au wazee wa miaka mitano na zaidi, wawalete ndani bila kujali aina ya nyumba. Na anayewachukua kwenda nao Njombe au Makete likizo ya Juni ajue kwamba huko mambo ni mengine: usiku kuna baridi ya kweli, na sehemu nyingine barafu huonekana kwenye majani alfajiri, kwa hiyo walale ndani tu, katika boksi lenye nyasi za kuwafunika mpaka masikioni.

Mimi nimechagua ndani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, na banda la uani kwa mchana wa siku kavu. Kuhamisha kwenyewe hufanyika polepole. Mwezi wa Machi, kabla mvua hazijashika, ninawaleta ndani usiku tu kwa wiki moja, pamoja na boksi lao lenye harufu yao, kisha mchana na usiku. Septemba kusi likianza kulegea ninawatoa saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, na kuwarudisha saa kumi na moja jioni. Usiku wa nje ninauanza baada ya wiki mbili za namna hiyo, na kwanza ninaingiza mkono mpaka kwenye ubao wa sakafu.